Kondensateri inajaa namna gani?

Muhula huu sisi wa mwaka wa sita wa sayansi tulifanya jaribio moja la umeme ambalo kwanza lilitupatisha haya. Tunaandika namna lilivyokwenda, juu wengine nao watalifanya kisha sisi.

Kondensateri ni kitu kidogo cha kuweka umeme. Ndani mna karatasi mbili za chuma zinazotazamana pasipo kugusana, na katikati yao kuna ngozi nyembamba isiyopitisha umeme. Ukiiunga na mawe ya tochi, umeme unakusanyika pande mbili, huku plusi, kule minusi. Yetu tuliitoa katika redio iliyokufa: mikrofaradi 1000. Tuliweka mawe mane mapya, volti 1,5 kila moja, jumla volti 6. Katika njia tukaweka rezistansi ya omu 47 000 ili kupunguza mwendo. Pasipo hiyo, kondensateri inajaa kufumba na kufumbua, wala huoni kitu.

Sasa, inajaa namna gani? Wazia pipa kubwa la maji ya mvua na pipa dogo tupu, yameungwa chini kwa mpira mwembamba. Mwanzoni maji yanakimbia sana, juu tofauti ya kimo ni kubwa. Kadiri pipa dogo linavyopanda, tofauti inapungua, na maji yanaenda polepole. Mwisho yanatiririka kidogo kidogo tu. Umeme nao ni hivyo. Kinachousukuma si volti 6 zote, ni zile zinazobaki kati ya mawe na kondensateri.

Hesabu yake si ngumu. Zidisha omu kwa faradi, unapata sekunde: 47 000 mara 0,001 ni 47. Katika sekunde 47 za kwanza kondensateri inapanda mpaka asilimia 63 ya volti za mawe, ni kusema volti 3,8. Zinabaki 2,2. Sekunde 47 zingine zinachukua tena asilimia 63 ya hizo 2,2, tunafika 5,2. Na hivyo hivyo. Kwa hesabu haijai kabisa hata siku moja, lakini kisha mara tano, karibu dakika 4, watu wanasema imejaa.

Basi, sisi tulingojea dakika 4, tukangojea 10. Mshale wa voltimetri ulisimama karibu na 4,9 na ukakataa kwenda mbele. Wengine walisema mawe ni ya uwongo, ya soko. Tukayapima: volti 6 sawasawa. Mmoja wetu alitaka kuandika tu 6 katika daftari, kwani kitabu njo kinasema hivyo. Mwalimu hakukubali. Alituuliza neno moja tu: ile voltimetri yenyewe inakunywa nini?

Kumbe voltimetri ya mshale, tukiiweka kwenye volti 10, iko na omu 200 000 ndani yake. Tuliiacha imeungwa wakati wote, ikawa kama tundu chini ya pipa dogo: umeme unaingia huku, unatoka kule. Gawanya volti 6 kati ya omu 47 000 na omu 200 000, utaona kondensateri inapata 4,86. Mshale haukusema uwongo. Kesho yake tulirudilia, tukigusisha waya za voltimetri kwa nukta moja tu, kisha kuziondoa. Ikapanda kupita 5,5. Sekunde 47 zetu zilitoa 3,6 badala ya 3,8, na hapo hatukuhangaika, juu kondensateri ya namna ile inaweza kupungua au kuzidi asilimia 20 ya namba iliyoandikwa.

Angalieni sana pande zake. Kondensateri ya aluminiyomu iko na mstari upande wa minusi. Lakini kuna ndogo za manjano, kama punje ya mchele, katika simu na mashini mapya: mstari wake ni wa plusi! Ukigeuza, inawaka moto au kupasuka machoni.

Hizo ndogo zinatengenezwa na tantali, na tantali inatoka katika koltani, ile ya Rubaya kule Masisi. Unga wake unachomwa mpaka unakuwa kama sponji, kila katundu kanavikwa ngozi nyembamba sana. Karatasi pana na ngozi nyembamba, ndiyo sababu kitu kidogo kinaweka umeme mwingi. Wenzetu wa Walikale nao wasinune: bati la Bisie ndilo linaloyeyushwa kuunga vipande hivyo. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda sana, vijana wengi wakaacha daftari na kushika chepeo. Mwaka 2001 ikaanguka. Wakubwa wetu waliochimba wanajua kilo inauzwa ngapi, lakini hakuna aliyeweza kutuambia inafanya kazi gani. Ekeberg wa Uswidi, aliyeivumbua tantali mwaka 1802, aliipa jina la Tantalus wa hadithi za Wayunani, aliyesimama ndani ya maji mpaka kidevuni na hakuweza kunywa. Jina hilo lilitushangaza.

Wenye kutaka kurudilia jaribio waje siku ya posho kisha kazi ya shamba. Walete mawe mane mapya, yetu yamekwisha.