Kansa ya utumbo mkubwa: protini zinazosaidia waganga kukadiria maisha ya mgonjwa

GOMA, Kivu Kaskazini – Mtu akipasuliwa kansa ya utumbo mkubwa, jamaa yake huuliza: atapona? Hakuna kipimo kinachojibu kwa uhakika. Lakini kuna protini zinazowaonyesha waganga nani yuko katika hatari zaidi na dawa gani inaweza kumfaa.

Mwaka 2022 kansa hii iligunduliwa kwa watu zaidi ya milioni 1.9 duniani na kuua karibu 900,000, kulingana na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa.

Protini ya kwanza inaitwa CEA na hupimwa katika damu. Iligunduliwa mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman huko Montreal, Kanada. Laboratwari nyingi huweka mpaka wake kwenye nanogramu 5 kwa mililita. Wagonjwa wanaopita mpaka huo kabla ya kupasuliwa, kwa wastani, huishi muda mfupi kuliko wengine. Kansa ikitolewa yote, CEA hushuka ndani ya wiki 4 hadi 6. Ikipanda tena, waganga hutafuta kama ugonjwa umerudi, mara nyingi kwenye ini au mapafu.

Hata hivyo, kipimo hicho hakitoshi kumwambia mtu kama ana kansa au hana. Tumbako na magonjwa ya ini huipandisha CEA, na kuna wenye kansa ambao CEA yao iko chini.

Protini nyingine nne, MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2, hutafutwa ndani ya nyama ya kansa yenyewe. Kazi yao ni kurekebisha makosa seli inaponakili DNA. Katika kansa kama 15 kwa kila 100 za utumbo mkubwa, kazi hiyo imeharibika. Kansa za aina hiyo, zikigunduliwa kabla ya kusambaa, huwa na matokeo mazuri zaidi. Zikisambaa, dawa zinazoamsha kinga ya mwili zinaweza kusaidia: Marekani iliruhusu pembrolizumab kuwa tiba yao ya kwanza mwaka 2020. Pengine kasoro hiyo ni ya kurithi, hivyo ndugu na watoto nao wanapaswa kuchunguzwa.

Kwa Goma, kazi inaanzia kwenye chumba cha upasuaji. Kipande kilichokatwa kinapaswa kuingizwa haraka katika formalini, kisiachwe kikauke. Kikishawekwa ndani ya nta ya parafini, hakihitaji barafu na hudumu miaka. Hilo lina uzito katika mji ambao ndege za abiria zilisimama Januari 2025: kipande kinaweza kusafirishwa hadi laboratwari ya mbali huku mgonjwa akibaki nyumbani. CEA nayo hupimwa tena kila baada ya miezi 3 hadi 6, na ni vizuri iwe laboratwari ileile, kwa sababu mashine hutofautiana.

Bado kinachoamua zaidi ni kuwahi. Nchini Marekani, wagonjwa 9 kati ya 10 huishi angalau miaka 5 kansa ikikutwa haijatoka kwenye utumbo. Ikiwa imefika mbali, hawafiki 2 kati ya 10.

Damu katika choo, choo kilichobadilika kwa wiki nyingi, kukonda na kupungukiwa damu hufanana na dalili za amiba au bawasiri. Zisipoisha baada ya dawa, mgonjwa amwombe muganga uchunguzi wa utumbo kwa kamera.