Kumchambua Mhusika Asiyependeka: Kazimoto katika Kichwamaji

Ukisoma Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974), huenda ukakereka. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu, lakini amejaa dharau na kinyongo. Usiiweke riwaya kando. Jiulize kinachokukera ni nini, kisha fuata hatua hizi.

(a) Mtenge msimulizi na mwandishi. Riwaya inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza. "Mimi" anayesema ni Kazimoto, si Kezilahabi. Mwandishi kumwachia mhusika aseme si kumuunga mkono.

(b) Tafuta chanzo cha tabia. Manase alimpa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Kazimoto naye anapania kulipiza kisasi kupitia Sabina, dada yake Manase. Uchungu wake una sababu. Njia yake haina utetezi, kwani Sabina hakumkosea. Taharuki inazaliwa hapo: unamwelewa Kazimoto, na papo hapo unahofia atakalotenda.

(c) Toa ushahidi. Kuandika "Kazimoto ni mtu mbaya" hakutoshi. Taja sifa, tukio na dhamira. Kwa mfano: Kazimoto ni mwenye kisasi, anamlenga Sabina kwa kosa la kaka yake, mwandishi anaonyesha kuwa kisasi humwangukia asiye na hatia.

Kumbuka: hutahiniwi kama unampenda mhusika. Unatahiniwa kama umemwelewa.

Zoezi: "Kazimoto ni mkosewa na mkosaji." Jadili kwa kutoa hoja nne.