Ilhamu ya Mwandishi Chipukizi wa Riwaya: Kutoka Ukerewe hadi Olbalbal

1. Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayowasumbua vijana wanaotamani kuandika riwaya ni lile la mahali pa kuanzia. Kijana amesoma riwaya shuleni, anaimudu lugha, ana daftari na kalamu. Hata hivyo, kila anapokaa kuandika hujikuta akirudia visa vya mjini alivyovisoma katika kazi za wengine. Mwishowe hukata tamaa, akadhani kuwa hakujaliwa kipaji. Mhadhara huu unalichunguza tatizo hilo kwa kuliangalia eneo ambalo halitajwi mara nyingi katika mijadala ya riwaya ya Kiswahili, yaani Olbalbal, wilayani Ngorongoro, mkoani Arusha.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ilhamu ya riwaya hutokana na swali ambalo maisha ya mahali fulani yameliuliza, na ambalo mwandishi hawezi kulikwepa kwa kuwa limemgusa yeye mwenyewe. Kwanza utatazamwa mfano wa riwaya iliyozaliwa kwa njia hiyo huko Ukerewe, kisha hoja itapelekwa Olbalbal.

2. Dhana ya ilhamu

Neno ilhamu lina asili ya Kiarabu, na katika mapokeo ya Waswahili limehusishwa na msaada utokao kwa Mungu. Watunzi wa tenzi walizoea kufungua kazi zao kwa kumsifu Mola, na papo hapo wengi wao waliagiza waletewe wino na karatasi. Desturi hiyo ina fundisho. Mtunzi aliomba msaada, lakini hakukaa kuusubiri mikono mitupu. Vifaa vya kazi vilitajwa pamoja na dua.

Kwa mwandishi wa riwaya jambo hili lina uzito zaidi. Shairi fupi laweza kukamilika wakati hisia ingali moto. Riwaya huchukua miezi, pengine miaka, na hakuna hisia inayodumu muda wote huo bila kupoa. Kinachoweza kudumu ni swali. Mwandishi mwenye swali lisilojibika kwa urahisi huamka nalo hata asubuhi ambayo hana hamu ya kuandika, na ndilo linalomrudisha mezani.

3. Mfano wa Aniceti Kitereza

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, akapata elimu yake katika shule za misheni ya Kikatoliki. Mwaka 1945 alikamilisha riwaya ndefu katika lugha yake ya Kikerewe. Inawahusu Myombekere na Bugonoka, mume na mke wanaopendana ambao hawajapata mtoto. Wakwe wanamrudisha binti yao nyumbani; Myombekere anakwenda kumkomboa mkewe; wawili hao wanahangaika kutafuta tiba, hata hatimaye wanawapata Ntulanalwo na Bulihwali.

Kitereza alikusudia kuhifadhi mila za Wakerewe, ambazo aliziona zikitoweka. Ndiyo maana riwaya yake imejaa maelezo ya kilimo, uvuvi, utengenezaji wa pombe ya ndizi, tiba, na taratibu za kuamkiana na kuagana. Lakini hifadhi ya mila peke yake ingetoa kitabu cha kumbukumbu. Kilichoifanya kazi hiyo kuwa riwaya ni swali lililo moyoni mwake: upendo wa mume na mke husimama juu ya nini iwapo jamii inaupima kwa watoto? Swali hilo halikuwa geni kwa mwandishi, kwani yeye na mkewe Anna hawakubaki na mtoto aliye hai. Mila zote zinazoelezwa katika riwaya zinapata uzito kwa sababu zinapita katika nyumba ya watu wawili wenye huzuni. Msomaji anapoelezwa jinsi pombe inavyotengenezwa, anajua kwamba ni kwa pombe hiyo mume atampata tena mkewe.

Muswada huo ulikaa kwa miongo mitatu na nusu bila kuchapishwa. Kitereza mwenyewe aliufasiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa kwa mwaka wa uchapishaji 1980. Mwandishi alifariki mwaka 1981. Ingekuwa shabaha yake ni sifa, asingeistahimili kazi hiyo kwa muda wote huo.

4. Olbalbal na maswali yake

Olbalbal ni bonde lililo chini ya mteremko wa nyanda za juu za Ngorongoro, kuelekea tambarare za Serengeti. Mto wa msimu unaopita katika korongo la Oldupai huishia humo, na maji yake hayasafiri tena kwenda ziwani wala baharini. Wakati wa mvua bonde hupata maji na majani. Wakati wa kiangazi hutawaliwa na vumbi. Wakazi wake ni Wamasai, wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Mgeni huyaona mandhari haya akayasifu kwa uzuri. Mwandishi chipukizi aliyezaliwa humo yafaa ayatazame kwa jinsi yanavyowatenda watu. Chukua mfano wa majira ya nyumbu kuzaa, takribani kati ya Januari na Machi. Tambarare huwa na nyasi fupi zenye lishe bora, lakini ndama wa nyumbu hueneza maradhi yanayowaua ng'ombe. Mfugaji hulazimika kuwaondoa ng'ombe wake kwenye malisho mazuri kuliko yote ya mwaka na kuwapeleka mahali pa juu penye nyasi duni. Mtaalamu wa mifugo hueleza chanzo cha ugonjwa. Mwandishi wa riwaya huuliza mengine: kijana anayechunga huku akiitazama neema asiyoruhusiwa kuigusa, huwaza nini? Na siku atakayovunja katazo kwa kuwa mama yake hana maziwa, atarudi bomani kwa uso gani?

Mfano wa pili umo ardhini. Katika korongo la Oldupai, ambalo jina lake ni la mmea wa mkonge mwitu katika lugha ya Kimaa, Mary Leakey aligundua mwaka 1959 fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus. Mwaka 1978 kundi lake lilifukua huko Laetoli nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya jivu la volkano, takribani miaka milioni 3.6 iliyopita. Sayansi imepima urefu wa hatua na umri wa jivu. Haikusema, wala si kazi yake kusema, kama waliopita walikuwa wakikimbia au wakitafuta maji, wala kama mmoja alimwangalia mwenzake. Hapo ndipo ubunifu unapopata mlango.

Mfano wa tatu ni kumbukumbu za wazee. Miaka ya mwisho ya karne ya 19 Umasaini ilikumbwa na sotoka ya ng'ombe, ndui na njaa, maafa ambayo Wamasai huyaita emutai, yaani kumalizika kabisa. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliandika juu ya watu waliodhoofu kwa njaa. Aliwaona kwa nje, akaendelea na safari. Wale waliobaki hawakuacha maandishi, lakini wajukuu wao walirithi masimulizi. Kijana anayeketi na bibi yake na kumsikiliza bila haraka anapokea urithi ambao hakuna maktaba inayoweza kumpa.

5. Hisia na suala la kuhama

Katika Olbalbal ya leo swali zito kuliko yote ni la kuhama na kubaki. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959, baada ya Wamasai kuondolewa Serengeti, nayo ikawa eneo la wanyamapori na wafugaji kwa pamoja. Wakati huo wakazi walikadiriwa kuwa 8,000. Katika miaka ya karibuni wamezidi 100,000. Tangu mwaka 2022 Serikali imehamisha kaya kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Serikali inaueleza mpango huo kuwa wa hiari na wenye lengo la kuinusuru hifadhi. Wakazi wengi wameupinga, wakisema kuwa huduma zimepunguzwa ili waondoke.

Mwandishi chipukizi anayeishi katika mvutano huo ana ilhamu ya kutosha, lakini pia ana hatari mbele yake. Akiandika kwa hasira tupu, atatoa hotuba yenye majina ya wahusika. Hapa mfano wa Euphrase Kezilahabi, mzaliwa mwingine wa Ukerewe, unafaa kukumbukwa. Katika Gamba la Nyoka (1979) aliisawiri operesheni ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Hakuwapa wanakijiji utakatifu wala hakuwafanya viongozi kuwa mashetani; alionyesha woga, ujanja, ukaidi na upumbavu wa pande zote. Kwa sababu hiyo riwaya hiyo inasomwa hata baada ya sera yenyewe kupita.

Kwa mwandishi wa Olbalbal, maana ya hisia haitapatikana katika neno kuhama lenyewe. Itapatikana kwa ndugu wawili wa boma moja, mmoja akiwa amejiandikisha kuondoka na mwingine akiwa amekataa, ambao bado inawabidi kukamua ng'ombe katika zizi moja asubuhi inayofuata. Mwandishi akimpenda mmoja tu kati yao, riwaya itapooza. Akiweza kuumia pamoja na wote wawili, msomaji wa Tanga au wa Unguja atajiona ndani yake.

6. Suala la lugha

Watu wa jamii ya Wamasai wamekwisha kuandika vitabu mashuhuri. Tepilit Ole Saitoti, mzaliwa wa Umasaini ya Tanzania, alichapisha tawasifu yake mwaka 1986. Henry ole Kulet wa Kenya aliandika riwaya kadhaa kuanzia mwaka 1971. Wote wawili walitumia Kiingereza. Kijana wa Olbalbal anayechagua Kiswahili huenda akahisi kwamba anaandika kwa lugha ya pili, na kwamba hisia zake za ndani zimo katika Kimaa.

Mfano wa Kitereza unatoa faraja. Kiswahili chake kina harufu ya Kikerewe, na jambo hilo limeipa kazi yake ladha badala ya kuiharibu. Kiswahili kimekwisha kupokea maneno kama morani na laigwanani. Kinaweza kupokea mengine yakitumiwa pale ambapo muktadha unayafafanua. Mwandishi ajisikilize kwanza jinsi mama yake anavyomwita ng'ombe kwa jina, kisha atafute Kiswahili kitakachoibeba sauti hiyo. Juhudi ya kutafuta neno moja namna hiyo mara nyingi huzaa sura nzima.

7. Hitimisho

Mhadhara umeonyesha kwamba ilhamu ya kudumu huanzia katika swali lililo karibu na mwandishi, hukuzwa kwa kusikiliza, na hukamilishwa kwa kazi ya kila siku. Njia za kuchapisha nazo zimeongezeka: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, inawakaribisha waandishi wa riwaya wa Kiswahili. Hata hivyo tuzo huja mwishoni. Wazee wanaokumbuka masimulizi ya emutai, na familia zilizotawanyika kati ya Olbalbal na Msomera, hawatakuwapo daima kusubiri mwandishi ajiamini. Kwa mwandishi chipukizi wa huko, kazi ya kwanza ni kuketi nao na kuandika wanayosema, pamoja na yale wanayoyanyamazia.