Tulipoanza Kupanda Vilima

Mwakirunge ikitajwa leo, watu hufikiri jaa la taka. Tulipokuwa watoto wa chuoni, kwetu sisi ilikuwa ni njia ya kwendea vilima vya upande wa Rabai. Masurufu yalikuwa muhogo wa kuchemsha na maji, na miguuni tulivaa kandambili.

Mwalimu wetu alitufunza adabu ya Maswahaba, ile ya Hadithi ya Jabir aliyoipokea Bukhari: tupandapo tulete takbiri, tushukapo tuseme Subhanallah. Asiyeweza kuimaliza takbiri kwa kuhema, mwalimu humketisha kivulini. Ilikuwa ndiyo saa yake ya kupimia pumzi zetu.

Mabinti hawakuja. Wao walichota maji kisimani, na ndoo ile kichwani, wallahi, haikuwa nyepesi kuliko kilima chetu.

Sasa wazazi hutuuliza: yafaa binti kupanda mlima? Huwajibu kwamba aliyekwenda mbio mara 7 baina ya Safa na Marwa alikuwa mama, Bi Hajar, na mwanawe angali akinyonya. Tunalosisitiza ni stara, maharimu wa kufuatana naye, na kiongozi aijuaye njia. Na viatu madhubuti. Kandambili zetu zilikuwa zikikatika kabla ya kileleni.