Nyumba Iliyojaa Paka

Ndugu msomaji, ukisikia kwamba paka wa mtu fulani wanakufa kwa njaa nyumbani mwake, utasema mara moja, "Huyu ana moyo mbaya." Ngoja kwanza. Pengine mtu huyo awapenda mno. Alimwokota mmoja njiani, kisha wa pili, nao wakazaana, wala hakumkataa hata mmoja. Sasa ni makumi. Wengine wana vidonda, na waliokufa wamelala kati ya walio hai. Ukimwuliza, atakujibu ya kuwa wote ni wazima.

Nyumba za namna hii zipo. Mwaka 1999 mganga wa wanyama wa Marekani, Gary Patronek, aliandika habari za mambo 54 kama haya. Katika kila 100, wanyama wafu au wagonjwa walionekana katika 80, lakini karibu wenye nyumba 60 walikataa kwamba kuna shida. Zaidi ya robo yao, hata kitanda chao kilichafuliwa kwa mavi na mkojo. Wengi walikuwa wanawake, na karibu nusu walipita miaka 60.

Fikiri juu ya kitanda hicho. Mkojo mwingi hutoa hewa kali iitwayo amonia, nayo huchoma macho na kifua. Viroboto, choa na minyoo huwapata watu wa nyumbani pia. Sisi wauguzi twajua: mgonjwa asiyeona kidonda chake ndiye mgumu kumtibu.

Sheria za zamani zilimtafuta mtu apigaye mnyama. Lakini huyu hapigi! Basi mwaka 2001 jimbo la Illinois liliandika sheria inayomtaja. Wingi wa wanyama peke yake si kosa. Lazima pia awe ameshindwa kuwapa chakula, maji, makao na matibabu. Awe amewasonga pamoja. Tena awe haoni, au hajali, jinsi wanavyoumia na yeye mwenyewe anavyoumia. Akihukumiwa, hakimu humwagiza apimwe na waganga wa akili. Hilo nalisifu, kwa sababu ukimnyang'anya paka tu, mara nyingi atakusanya wengine. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 2006 yampasa kila mwenye mnyama kumtunza vema, na hakimu aweza kumkataza mtu asifuge tena.

Nawe ukiitwa kumsaidia jirani wa namna hii, fungua madirisha kwanza, uwatoe watoto nje. Ukiumwa na paka au mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha uje hospitali siku ile ile, kwa ajili ya hatari ya kichaa cha mbwa. Mwenye nyumba usimcheke mbele ya watu. Keti naye, umwulize yeye mwenyewe amekula nini leo.