Robo Milimita Inayokula Mafuta

Lori la mzigo likifika Tunduma linatoa moshi mweusi baada ya kupanda mlima wa Senjele kwa taabu, fundi mzoefu huanzia kwenye turbo. Hufungua mpira wa hewa, hushika pangaboi kwa vidole viwili na kulitikisa. Shafti ikiwa na mchezo na ncha zikiwa zimekwaruza kava, turbo hiyo imekwisha.

Turbo ni tabaini ndogo: moshi wa injini unasukuma mapanga, shafti inazunguka hata mara 100,000 kwa dakika. Tabaini kubwa ziko Kinyerezi, Dar es Salaam, zikichoma gesi asilia na kuingiza umeme kwenye gridi inayofika hadi Vwawa. Zile za Kinyerezi I ni za aina ya LM6000, ambayo imetokana na injini ya ndege, CF6-80C2. Injini za ukoo huohuo ndizo zinazoibeba Boeing 767 ya mizigo ambayo Air Tanzania iliipokea mwaka 2023.

Katika zote, ncha ya panga haigusi kava. Hubaki upenyo, na gesi inayopita hapo inakwenda zake bila kusukuma kitu. Mafuta yake yameungua bure. Watafiti wa NASA waliandika mwaka 2002 kwamba kwenye tabaini ya shinikizo la juu ya injini ya ndege, kupunguza upenyo huo kwa robo milimita tu huokoa karibu asilimia moja ya mafuta. Robo milimita! Ni ulimi mmoja wa fila geji, ile ya kupangia tapeti.

Basi kwa nini wasiubane kabisa? Kwa sababu upenyo hautulii. Rubani akiongeza moto ili kuruka, mapanga hurefuka haraka kwa joto na kwa nguvu ya mzunguko, ilhali kava nene linachelewa kupata moto. Hapo ndipo ncha hukaribia kugusa. Dakika chache baadaye kava nalo linatanuka na upenyo unapanuka tena. Fila inapima chuma kilicholala, na injini haifanyi kazi ikiwa imelala.

Ndiyo maana wahandisi walianza kupima ndani ya moto. Kifaa kimoja hupachikwa kwenye kava: kila panga likipita mbele yake, uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme kati ya ncha na kifaa hupanda, na hupanda zaidi panga linapokuwa karibu zaidi. Kingine hurusha mawimbi ya maikrowevu na kusoma yanavyorudi. Panga moja lililorefuka kuliko wenzake huonekana peke yake.

Kwenye ndege nyingi, ikishatulia angani, hewa baridi hupulizwa nje ya kava ili lisinyae na kukaribia ncha. Lakini kompyuta inayoamuru hivyo kwa kawaida haioni upenyo wenyewe. Inaukadiria kwa hesabu, na kwa tahadhari huacha nafasi ya ziada. Vipimo vya kweli vimetumika zaidi kwenye majaribio. Gesi ya moto kwenye safu ya kwanza ya mapanga huweza kupita nyuzi 1,400 za Selsiasi, na kifaa kinachokaa hapo kinatakiwa kidumu kwa maelfu ya saa bila injini kufunguliwa. Vingi hufa kabla ya injini.