Nani Anasimama Nje ya Mstatili

Tuseme mchuuzi amenunua magunia ya mahindi Kiyeyi, wilayani Tororo nchini Uganda, na anayapeleka Busia upande wa Kenya. Kwa utaratibu uliorahisishwa wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wake usipozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, na bidhaa ikiwa imo kwenye orodha iliyokubaliwa, ushuru wa forodha anasamehewa. Anachohitaji ni cheti chepesi cha uasili wa bidhaa, kinachogongwa muhuri mpakani. Ukaguzi wa mimea uko palepale.

Sasa tuseme kuna vijana wamepewa kazi ya kutengeneza programu ya simu ya kushughulikia cheti hicho. Waanzie wapi?

Wengi huanza na vitufe na rangi. Wanaoijua kazi huanza na mchoro wa matumizi, chombo kilichobuniwa na Mswidi Ivar Jacobson alipokuwa akishughulika na mitambo ya simu ya kampuni ya Ericsson. Aliueleza ulimwengu wazo hilo mwaka 1987, akalitandaza katika kitabu cha mwaka 1992, na mwaka 1997 likaingia rasmi katika lugha ya michoro iitwayo UML. Mchoro wenyewe hauna makuu: mstatili ndio mfumo, maumbo ya yai ndani yake ni yale ambayo watu wanataka mfumo uwafanyie, vikaragosi vya vijiti nje ni wahusika, mistari inaonyesha nani anataka nini.

Urahisi huo ndio unaoponza. Mtu huchora yai la "ingia kwa nywila", jingine la "bofya tuma", jingine la "hifadhi data", kisha anajisifu kwa mayai thelathini. Hakuna mchuuzi aliyewahi kuamka alfajiri ili aweke nywila. Anataka cheti. Kwa hiyo yai linaitwa "Pata cheti", na hatua za kulifikia huandikwa kwa maneno kwenye karatasi nyingine.

Kazi nzito iko nje ya mstatili. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018, kimeweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja, na anayetoka Uganda huhudumiwa upande wa Kenya. Je, mchoro uwe na kikaragosi kimoja cha "ofisa wa forodha"? Hapana, maana wa Uganda anatoa cheti na wa Kenya anakipokea na kukikagua. Kila mmoja ana haja yake. Mkaguzi wa mimea ni wa tatu. Mfumo wa forodha wa nchi nao huchorwa nje, ingawa hauna miguu wala mikono, kwa sababu programu itazungumza nao.

Halafu yuko mtu ambaye mchoraji aliyeko Kampala au Nairobi angemsahau kabisa. Busia inajulikana kwa watu wenye ulemavu wa miguu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli za matairi matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Mwenye mahindi anaweza kuwa ametangulia kwa miguu, mzigo ukija nyuma na mbebaji huyo. Mbebaji akisimamishwa, cheti kimo kwenye simu ya nani? Ukimchora mbebaji kama mhusika, yai jipya linajitokeza lenyewe: "Onyesha cheti kwa niaba ya mwenye mzigo". Hiyo ndiyo faida ya mchoro, kuliko uzuri wake. Tena mhusika ni nafasi, si mtu: mbebaji mmoja anaweza leo kubeba mahindi ya mwingine na kesho kuvusha yake.

Kuhusu mishale ya mistari ya vipandevipande, inayosema yai hili lazima lijumuishe lile, au kwamba lile linaongezwa wakati mwingine tu, ni heri kuwa bahili. "Pata cheti" inaweza kujumuisha "Thibitisha thamani ya mzigo", maana hilo halikwepeki. Zaidi ya mishale miwili mitatu, mchuuzi aliyeitwa aukague mchoro atatikisa kichwa kwa adabu bila kuelewa, na maoni yake ndiyo yaliyokuwa yanatafutwa. Maneno ndani ya mayai nayo yawe yake, ya Kiswahili au Kidhopadhola, lugha ya kwao Tororo, ikibidi.

Katika karatasi ya "Pata cheti", baada ya hatua za kawaida, huja mapito ya pembeni, na hapo ndipo maswali magumu hukaa. Bidhaa haimo kwenye orodha. Ofisa amekataa bei iliyotajwa. Thamani imezidi dola 2,000, mchuuzi ametoka kwenye utaratibu mwepesi, na pengine anahitaji wakala wa forodha: mhusika mwingine, ambaye bado hajachorwa.